Milwaukee: bia, gofu la bei poa, na watoto hawakununa

Milwaukee sio mji ambao Mbongo anautaja akipanga likizo ya familia Marekani, wengi wanawaza Orlando kwa ajili ya watoto au New York kwa ajili ya picha, ila kama nyumbani kwako kuna mtu anapenda bia nzuri, kuna mwingine anacheza gofu, na kuna watoto ambao hayo mambo mawili hayawahusu kabisa, basi mimi nasema huu mji umekaa vizuri kuliko yote niliyofika upande huu wa Marekani. Uko jimbo la Wisconsin, pembeni ya Ziwa Michigan, kama kilomita 145 kaskazini ya Chicago. Kuna treni ya Amtrak inaitwa Hiawatha, saa moja na nusu umefika, sisi tulienda na gari maana kulikuwa na watoto, mizigo, na shemeji aliyetoka Moshi na begi la fimbo za gofu ambalo haliwezi kukunjwa hata ufanyeje.

Nianze na gofu maana ndiko hela zinakopotelea. Ukitafuta gofu Wisconsin mtandaoni utaletewa kwanza Whistling Straits kule karibu na Kohler walikochezea Ryder Cup 2021, halafu Erin Hills walikochezea US Open 2017. Viwanja vikali, sibishi, lakini raundi moja tu ya Whistling Straits ni zaidi ya dola 400 kwa kichwa na hapo kedi, yule anayekubebea fimbo, bado hujamlipa. Hiyo hela familia yetu inakula, inalala na kuzunguka siku nzima na chenji inabaki. Achana nayo.

Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba serikali ya Kaunti ya Milwaukee, kupitia idara yake ya bustani za umma, ina viwanja vyake yenyewe vya gofu na inaviendesha kama inavyoendesha bustani za watu kupumzikia. Hakuna uanachama. Unabuk muda wako mtandaoni, unalipa, unapiga mpira, basi. Shemeji aliganda pale kaunta, yeye kazoea Moshi Club, akija Dar ni Gymkhana au Lugalo, na kote huko unajua ilivyo, kama sio mwanachama basi kuna mwanachama kakushika mkono kakuingiza. Akamuuliza yule mama wa kaunta mara mbili eti kweli hakuna fomu ya kujaza? Mama wa watu anacheka tu, "no form, honey." Nikamwambia shem twende bwana, watu nyuma wanasubiri.

Bei sitaandika maana zinabadilika kila msimu, ila zinavyopangwa ni hivi: wakazi wa kaunti wana kadi yao wanalipa kidogo, sie wageni tunaongeza kidogo, wikiendi asubuhi ndio ghali, na jioni jua likianza kushuka bei inashuka nalo. Sasa kiangazi kule jua linazama saa mbili na nusu usiku, kwa hiyo hiyo "jioni" ni ndefu haswa, ukianza saa kumi na moja mashimo 9 unamaliza kwa raha zako na bado mwanga upo. Halafu tembea kwa miguu, usikodi kigari, vigari ndio wanavyokukamulia kwenye kila kiwanja duniani na vile viwanja vya kaunti vingi havina vilima vya kukuua.

Brown Deer ndio bibi harusi wa viwanja vya kaunti, kimefunguliwa 1929 na bei yake iko juu ya vingine, lakini shemeji asingekubali kuondoka Wisconsin bila kukanyaga pale maana ndipo Tiger Woods alipocheza mashindano yake ya kwanza kabisa kama mchezaji wa kulipwa, Agosti 1996, akiwa na miaka 20. Alimaliza nafasi ya 60 kwa kufungana na wenzake, akaondoka na dola 2,544. Lakini siku ya mwisho, shimo la 14, akapiga mpira mmoja tu ukazama moja kwa moja. Nyie fikirieni, uwanja ambao Tiger alianzia ni mali ya umma, dereva wa basi na mwalimu wa shule ya msingi wanacheza pale baada ya kazi. Shemeji alipofika shimo la 14 akapiga picha nyingi kuliko mipira, watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Mpira wake ulienda kwenye mchanga, kama mnataka kujua.

Kama hutaki habari za Tiger kuna Grant Park kule South Milwaukee, uko juu ya kingo za ziwa na upepo wake unakuburudisha kweli Julai ile, na kuna Whitnall ambao uko bustani moja na Boerner, hii Boerner ni bustani ya maua kubwa, hapo ndio mama watoto akapata siku yake, sisi tunahangaika na mipira yeye anatembea kwenye mawaridi na mdogo wetu na hakuna aliyemuudhi mwenzie. Kwa watoto wanaojifunza tafuteni vile viwanja vidogo vya par 3 kama Noyes, yaani kila shimo linahesabiwa mapigo matatu tu, mashimo 9 mafupi, watu wa pale wamezoea kuona mtoto anapiga hewa mara nne mpira umekaa tu.

Sasa siku ambayo mimi ningewashauri mtu asiikose, hata kama una siku moja tu pale, ni ya upande wa Glendale. Asubuhi mnacheza Lincoln Park, uwanja wa mashimo 9, haujakaa kimashindano wala nini. Ukitoka hapo ni dakika chache kwa gari mpo Sprecher. Sprecher ni kiwanda cha bia kilichoanzishwa 1985 na jamaa mmoja Randy Sprecher, zamani alikuwa kazini Pabst, kiwanda kingine cha bia cha hapa hapa, na bia yake nyeusi ya Kijerumani, Black Bavarian, ni nzuri jamani, nzito lakini haikulemei. Ila waliotufanya tuje hapa sio sisi, ni watoto. Sprecher wanapika soda. Nasema wanapika kwa maana ya kupika, kwenye mapipa ya moto, wanatia asali ya Wisconsin, na root beer yao inajulikana Marekani nzima. Kwa mtu ambaye hajawahi kunywa root beer, ni soda nyeusi haina kilevi, wengine wanasema ina ladha ya dawa ya kikohozi, mimi nilikuwa kundi hilo hadi nilipoonja hii. Watoto wanaonja soda wakati wakubwa wanaonja bia, wote mna glasi mkononi, wote mnajiona mpo kwenye shughuli, na hapo ndipo viwanda vingi vya bia vinaposhindwa, vinakuambia watoto karibuni halafu ukifika mtoto anapewa maji na kiti cha kukaa hakuna. Kuna kimoja, sikitaji, tulifika na kigari cha mtoto wakatuangalia kama tumeleta mbuzi. Tukageuza.

Toka Sprecher mnavuka mto mnaingia Estabrook Park. Hapo kuna bia gadeni ya wazi chini ya miti, imefunguliwa 2012, bia za Kijerumani zinamiminwa kwenye magilasi makubwa ambayo unaweka dhamana ukirudisha unapewa hela yako, na habari njema kwa wenye familia ni kwamba unaruhusiwa kuja na chakula chako kutoka nyumbani. Sisi tulikuja na kuku na chapati kwenye hotpot. Meza ya jirani wazee wa Kijerumani wamekuja na soseji zao na kitambaa cha meza, wakaonja chapati, wakatupa soseji, mambo yakawa mazuri. Watoto wana eneo la kuchezea na mto uko pale wanatupa mawe. Sehemu ya hela ya bia inarudi kwa idara ya bustani, kwa hiyo ukinywa unachangia maendeleo, ndio jibu nililompa mama watoto.

Lakefront Brewery ni lazima. Walianza 1987 ndugu wawili wa ukoo wa Klisch, sasa wako kwenye jengo la zamani lililokuwa la umeme wa makaa ya mawe kando ya Mto Milwaukee, na ziara yao ndio ya kuchekesha kuliko zote, unapewa bia kabla hata hujaanza kutembea, jamaa anayewaongoza anatania kuliko anavyofundisha, na mwisho mnaimba wote wimbo wa tamthilia ya zamani ya TV ya wasichana wawili waliofanya kazi kiwanda cha bia humu humu Milwaukee. Sikuujua wimbo, niliimba. Mle ndani kuna kile kijumba cha Bernie Brewer, kikaragosi wa timu ya besiboli ya Milwaukee, kilichotoka uwanja wao wa zamani, timu ikipiga mpira ukatoka nje yule Bernie alikuwa anateleza kutoka juu anatumbukia kwenye gilasi kubwa la bia. Watoto wetu waliuliza maswali juu ya hicho kijumba kuliko juu ya bia.

Kwenye ziara za namna hii huwa wanakupa shayiri iliyooteshwa utafune, halafu unanusa hops, yale maua yanayotia uchungu. Mama watoto ni Mchaga wa Marangu, yeye sio mnywaji lakini bibi yake alikuwa anapika mbege, akatafuna ile shayiri akanigeukia, "Si kimea tu hiki? Sisi tunaotesha ulezi, hawa shayiri." Alipofika kwenye hops akasema na hii kazi yake ni ya msesewe. Yule kijana muongozaji akasikia tunabishana akauliza, akaelezwa kwamba Kilimanjaro ndizi zinapikwa, unachanganywa uji wa kimea cha ulezi na magome ya msesewe kwa ajili ya uchungu, jamaa akaacha kutania akaanza kuuliza maswali ya kweli, inakaa siku ngapi, hamira mnatoa wapi. Kundi zima likasimama kumsikiliza mke wangu. Shemeji naye akaanza kujibu utadhani anapika yeye, hajawahi kupika hata chai.

Ijumaa jioni hapo hapo Lakefront kuna fish fry na bendi ya polka. Wisconsin nzima Ijumaa ni samaki wa kukaanga, ni desturi ya Wakatoliki wa Kijerumani na Kipolandi, na marufuku ya pombe ya miaka ya 1920 inasemekana ilizidi kuisukuma maana baa zilihitaji kitu cha kuuza. Samaki mweupe, chapati za viazi, mkate wa rye, kachumbari ya kabeji. Samaki yuko sawa, kwa aliyezoea changu wa Feri hatashangaa, ila agizeni cheese curds, vipande vya jibini vya kukaanga, hivyo tulirudia. Nendeni mapema, foleni ya Ijumaa sio ya mchezo.

Miller nitaenda haraka. Kiwanda kikubwa, tangu 1855, kama umepita Ilala pale TBL ukanusa ile harufu basi hapa ni mtaa mzima unanukia hivyo. Cha maana ni mapango waliyochimba kwenye kilima kuhifadhia bia kwa barafu kabla ya friji kuja, watoto walipenda mapango. Bia yenyewe unaijua. Pabst walifunga kiwanda chao hapa 1996, majengo sasa ni nyumba na hoteli, moja inaitwa Brewhouse Inn & Suites ina yale masufuria makubwa ya shaba ya kupikia bia yamebaki ndani na vyumba vyake vina jiko, kwa familia jiko ni muhimu kuliko bwawa la kuogelea. Nasema hivyo kwa sababu usiku wa kwanza tulilala hoteli nyingine katikati ya mji, parking peke yake wakatutoza karibu bei ya raundi ya gofu.

Mambo ya usalama: chagueni mapema nani hanywi siku hiyo, sisi tulipokezana, na siku ya Lakefront tuliacha gari tukachukua Uber. Na msishangae mkiona kijana mdogo kakaa baa na wazazi wake ana bia, sheria ya Wisconsin inaruhusu baa kumuuzia mtoto aliye na mzazi wake kama wenyewe wakitaka. Mwanangu mkubwa aliisoma hiyo sheria kwenye simu akaniletea kama wakili. Nikamnunulia root beer.

Mkiwa na siku ya ziada nendeni New Glarus, kama saa mbili kwa gari, kijiji kilichoanzishwa na Waswisi 1845 na bado kinajitahidi kuonekana Uswisi. Kiwanda kiko juu ya kilima, unajizungusha mwenyewe bila haraka, na bia yao Spotted Cow haiuzwi nje ya Wisconsin, ndio maana utaona gari za Illinois zinaondoka pale matairi yameshuka.

Msimu ni Mei hadi Oktoba mwanzoni. Rafiki yangu kaniuliza kama anaweza kwenda Desemba kwa kuwa hoteli ni rahisi, nikamwambia bia utaipata, soda watoto watapata, ila hiyo gofu utacheza kwenye theluji na mipira ya rangi ya chungwa.