Huduma ya udahili wa vyuo vya mtandaoni, Sinza: vyeti vinakaguliwa vizuri, vibali havielezwi ipasavyo

Kituo ninachokizungumzia kipo Sinza, na kazi yake ni kuwaunganisha Watanzania na vyuo vikuu vya Marekani vinavyofundisha kwa njia ya mtandao. Nilikwenda na mpwa wangu, mwalimu wa shule ya msingi Temeke mwenye stashahada, anayetafuta shahada ya ualimu bila kuacha kazi. Mumewe anaishi California, hivyo huenda akahamia huko kabla hajahitimu. Jina la kituo silitaji, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza nimeiona pia kwenye vipeperushi vya mawakala wengine hapa mjini.

Upande wa udahili wanafanya kazi nzuri. Vyeti vilikaguliwa kimoja kimoja, na tofauti ya herufi moja kati ya jina lililo kwenye cheti cha kidato cha nne na lililo kwenye cheti cha chuo iligundulika mapema, tukaelekezwa kwa wakili kuandaa hati ya kiapo kabla ya kutuma maombi. Ada iliandikwa kwa dola na kwa shilingi, na malipo ya huduma yao yakatengwa na ada ya chuo. Wapo mawakala wanaochanganya fedha hizo mbili hadi mzazi asijue analipia nini. Hawa hawafanyi hivyo, na wanastahili kusifiwa.

Tatizo lilianza tulipouliza habari za kibali. Mshauri alifungua kompyuta, akatuonyesha jina la chuo kwenye orodha ya NC-SARA, baraza linalosimamia makubaliano ya majimbo ya Marekani kuhusu vyuo vya mtandaoni, akasema, "Mama, chuo hiki kipo SARA, kinatambulika kila mahali, msiwe na wasiwasi." Orodha ile ni ya kweli. Maana aliyoipa ndiyo isiyo sahihi, na kwa mtu anayetaka kulipa ada ya miaka kadhaa kosa hilo si dogo.

Marekani haina chombo kimoja cha kitaifa kinachotoa kibali cha kuendesha chuo kikuu kama ilivyo Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hapa kwetu. Kila jimbo lina sheria zake, na chuo kinachomfundisha kwa mtandao mwanafunzi aliyeko jimbo jingine kinaweza kudaiwa kibali na jimbo hilo pia. Makubaliano ya SARA yaliletwa kupunguza mzigo huo: chuo kikishaidhinishwa na jimbo lake la nyumbani, majimbo mengine wanachama hukipokea bila kukidai kibali upya. Majimbo 49 yamejiunga, na lililobaki nje ni California, huko huko anakotarajia kwenda mpwa wangu. California ina utaratibu wake, ambapo chuo binafsi cha nje ya jimbo kinachojiendesha kwa faida hutakiwa kujisajili kwenye mamlaka ya jimbo hilo kabla ya kufundisha wakazi wake. Mshauri hakulijua hilo, na alipoulizwa kama chuo kile ni cha faida au la, hakuwa na jibu.

Zaidi ya hapo, kibali cha chuo kufundisha ni jambo moja na leseni ya taaluma ni jambo jingine kabisa. Tangu 1 Julai 2020, kanuni za serikali ya shirikisho zinavitaka vyuo vilivyo kwenye mpango wake wa misaada ya wanafunzi vieleze, jimbo kwa jimbo, kama kozi inayoandaa watu kwa ajili ya leseni inakidhi masharti ya mahali husika, na kuanzia 1 Julai 2024 kanuni hizo zimekazwa zaidi. Tuliutafuta ukurasa huo kwenye tovuti ya chuo palepale kwenye meza ya mshauri, tukaukuta chini kabisa. California ilikuwa kwenye safu ya majimbo ambayo kozi ile haikidhi masharti ya leseni ya ualimu. Mpwa wangu aliisoma safu ile, akaufunga mkoba wake wa vyeti.

Akibaki Dar es Salaam, SARA haimsaidii kwa lolote, kwa sababu makubaliano yale yanahusu majimbo na maeneo ya Marekani tu. Hapa TCU ndiyo inayoamua kama shahada yake itatambuliwa, na swali hilo linapaswa kupelekwa kwao kabla ya malipo ya kwanza, lisingoje mwajiri aje kulidai. Kuhusu mazoezi ya kufundisha, nani angemsimamia darasani Temeke na kwa ridhaa ya nani, kituo hakikuwa na maelezo yoyote, wala hakikutueleza kwamba chini ya SARA malalamiko ya mwanafunzi huanzia chuoni kwenyewe ndipo yaende kwenye jimbo la nyumbani la chuo.

Ningewatumia tena kuandaa maombi, lakini ada nisingelipa kwa kutegemea neno lao kuhusu utambuzi. Ningedai barua ya chuo chenyewe inayotaja kozi, jimbo na leseni. Fomu yao inauliza mwombaji anaishi wapi sasa; niliwashauri waongeze swali la wapi atakuwa akihitimu na wapi atafanya kazi, na msimamizi wa ofisi aliliandika pembeni mwa fomu kwa kalamu.