Nguo na vifaa vya theluji kwa familia ya Mombasa: pa kununua na pa kukodi

Familia nyingi za Mombasa zenye ndugu Kanada, Uingereza au Ujerumani hufikiwa siku moja na mwaliko wa kwenda kuwazuru wakati wa baridi, na mwaliko huo huja na ahadi kwa watoto kwamba watapelekwa kuteleza kwenye theluji. Mji wetu hauna duka la skii wala sababu ya kuwa nalo, ingawa Sabrina Simader, Mkenya aliyeshindana katika skii za mlimani kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, alizaliwa Kilifi, jirani zetu hapo. Swali la mzazi basi huwa ni wapi pa kuanzia. Kwa maoni yangu vitu hivi havinunuliwi vyote mahali pamoja: nguo za nje zinunuliwe hapa hapa, vinavyogusa ngozi vinunuliwe vipya, na skii zenyewe zikodiwe huko huko. Njia zilizopo nimezipanga kwa kuifikiria familia inayokwenda mara moja au mbili, si ile inayohamia.

Nafasi ya kwanza naipa mitumba ya Kongowea. Jaketi na suruali za theluji huja ndani ya mabelo kutoka nchi za baridi, na kwa kuwa hapa hazitafutwi sana isipokuwa na waendesha bodaboda wa usiku na walinzi wa zamu, bei yake hukaa chini hata pale mwuzaji anapoapa kwamba hiyo ni kamera, yaani daraja la kwanza, na kwamba fagia, yaani mabaki ya mwisho, hauzi. Tafuta lebo ya ndani inayotaja kiwango cha kuzuia maji kwa milimita. 10,000 inatosha kwa mtu atakayeanguka na kuketi kwenye theluji mara nyingi, na mwanafunzi wa skii hana kazi nyingine. Angalia pia kama kiunoni, upande wa ndani, kuna mkanda mpana wa mpira unaozuia theluji kupanda mgongoni, kwani huo ndio unaotofautisha jaketi la michezo na koti la kwendea kazini.

Kabla ya kulipa, ligeuze jaketi nje ndani na upitishe kiganja kwenye kitambaa na mishono. Nguo nyingi za kuzuia maji zimepakwa ndani utando wa poliurethani, na utando huo huharibiwa polepole na unyevu wa hewa, ambao sisi watu wa Pwani tunao mwaka mzima. Ukihisi unanata kama peremende iliyosahauliwa juani, au ukiona magamba meupe yamebaki mkononi, lirudishe hata likiwa na jina kubwa kifuani, maana halizuii maji tena na hakuna fundi wa kulitengeneza. Zipu iliyokufa, kwa upande mwingine, si sababu ya kuliacha; ni sababu ya kupunguziwa bei, na fundi wa cherehani wa mtaani ataibadilisha. Buti za theluji nazo zipimwe kwa kukunjwa: soli za poliurethani zilizokaa miaka mingi kwenye unyevu hupasuka na kumomonyoka, wakati mwingine siku ile ile ya kwanza kuvaliwa.

Helmeti ya mtumba usiinunue. Povu lake likishapigwa pigo moja zito huwa limemaliza kazi yake, na ufa wake hauonekani kwa nje. Nguo za kuvaa ndani pia zinunuliwe mpya, ziwe za sufu ya merino au poliesta. Pamba, ambayo ndiyo rafiki yetu huku, hunywa jasho na kukaa nayo, na ikishalowa humnyang'anya mtu joto la mwili. Fulana ya pamba na suruali ya jinzi zibaki kabatini.

Nafasi ya pili, na kwa upande wa skii na buti zake ndiyo ya kwanza bila mshindani, ni kukodi mlimani. Jozi moja ya buti za skii huwa na uzito wa kilo tatu hadi nne, na hakuna mzazi atakayetaka kuzibeba za watu watano ndani ya mizigo ya ndege. Lakini sababu kubwa zaidi ni vifungio vinavyoshika buti kwenye skii. Fundi huvirekebisha kwa kufuata uzito, urefu, umri na ujuzi wa mtu pamoja na urefu wa soli ya buti, ili mtu akianguka vibaya viachie kabla mfupa haujavunjika. Ndiyo maana pale dirisha la kukodi mama asione haya kutaja uzito wake wa kweli, na baba asijifanye mjuzi mbele ya mashemeji: kila kilo iliyofichwa hulegeza kifungio, na kila cheo cha uongo hukikaza, kuliko inavyotakiwa. Nambari za buti hizi huhesabiwa kwa sentimita za unyayo, kwa hiyo kila mmoja apimwe nyumbani akiwa ameegemeza kisigino ukutani, na vipimo viandikwe.

Nafasi ya tatu ni maonyesho ya michezo ya theluji, yale yanayofunguliwa kwa wananchi katika miji ya nchi za baridi kabla msimu haujaanza. Toronto, kwa mfano, huwa nayo mwezi wa Oktoba. Tulipelekwa huko na shemeji yangu, tukiwa na watoto, na nilichojifunza kwenye meza ya buti kilikuwa na faida kuliko mkoba wa matangazo tuliopewa mlangoni. Shangazi alikuwa amemvisha mtoto soksi mbili nene kwa huruma. Mwuzaji alizivua zote, akamvisha moja nyembamba na ndefu, akaeleza kwamba soksi za ziada hujikunja, hubana damu na kuifanya miguu iwe baridi zaidi. Kisha akamsimamisha. Vidole vikagusa mbele kidogo. Akamwambia akunje magoti, na vidole vikarudi nyuma. Hapo ndipo buti imetosha.

Wanawake wanaovaa hijabu wanufaike na nafasi hiyo ya kujaribisha helmeti wakiwa wamevaa hijabu nyembamba ya michezo, kwani kitambaa chenye mikunjo na pini hubadilisha saizi na huumiza kichwa. Bidhaa za msimu uliopita huuzwa hapo kwa bei iliyopunguzwa, na rangi ya mwaka jana haijamzuia mtu kuteleza. Tahadhari iwe kwenye meza za safari: tiketi za mlimani zenye punguzo kubwa mara nyingi hufungwa kwa tarehe fulani au hazirudishiwi fedha. Wala si kila maonyesho ni ya familia; ISPO, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1970, ni ya wafanyabiashara. Nimeyaweka ya tatu kwa sababu ya kalenda tu: familia nyingi husafiri Desemba, shule zikiwa zimefungwa, na wakati huo maonyesho yameshapita. Mwenye ndugu mwaminifu anaweza kumtumia vipimo vya helmeti na glavu, lakini buti asinunuliwe na mtu mwingine.

Dubai inafuata, kwa wale ambao tayari wana safari ya biashara au ya kubadilisha ndege. Ski Dubai, iliyofunguliwa mwaka 2005 ndani ya Mall of the Emirates, ina theluji chini ya paa, na tiketi huja pamoja na jaketi, suruali na buti. Uliza kuhusu glavu kabla ya kuingia. Si mahali pa kununua vifaa, bali ni mahali pa kujua kama mtoto anaupenda mchezo wenyewe kabla hujamtumilia fedha.

Mwisho kabisa naweka kununua kwa picha za mtandaoni. Saizi za Ulaya, Marekani na China hazilingani, na jaketi lililoitwa la theluji mara nyingi ni la mvua tu. Kama ni lazima ununue kitu kwa njia hiyo, kiwe glavu, tena jozi mbili kwa kila mtoto, kwa sababu ya kwanza italowa kabla ya saa sita mchana na haitakauka siku hiyo.