Vitabu vitatu vya kutembea nyikani, kutoka kwa fundi wa mabegi

Mimi hushona na kukarabati mabegi Kondele, hapa Kisumu. Mteja mmoja aliyekuwa anahama mji alinilipa nusu ya pesa zangu, nusu iliyobaki akaifidia kwa vitabu vitatu vya Kiingereza vya kutembea na kulala nyikani. Siku hiyo nilinung'unika, vitabu haviliwi. Sasa nimevisoma vyote, kimoja mara mbili, na kwa kuwa vijana wa kupanda milima hawaishi kuniuliza waanze na kipi, nawajibu hapa mara moja niendelee na kazi.

Kinene kuliko vyote ni The Complete Walker cha Colin Fletcher. Kilitoka mara ya kwanza 1968; changu ni chapa ya nne, ya 2002, aliyoiandika pamoja na Chip Rawlins. Kina kurasa zaidi ya 800, kwa hivyo ukikitia begini umeshaasi somo lake kuu, ambalo ni uzito. Fletcher analitazama begi kama nyumba iliyo mgongoni: lina jikoni, lina chumba cha kulala, lina kabati la nguo, na kila chombo sharti kijieleze kabla ya kuingia. Mzaliwa huyu wa Wales aliwahi kulima hapa Kenya miaka minne baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na mimi namsikia mkulima kila anapohesabu.

Alipogusa kazi yangu nilisoma polepole. Anataka mzigo ukalie nyonga, si mabega. Sasa njoo Kondele uone. Kijana analeta begi zuri la mitumba, ananiambia nikate mkanda wa kiuno eti unaning'inia tu. Nakata. Baada ya miezi miwili begi linarudi limechanika juu, pale kamba ya bega inapoungana na mgongo, maana kilo 15 zote zimeachiwa nyuzi chache. Nalishona upya kwa uzi wa nailoni, mraba wenye msalaba katikati, nachukua 250 zangu. Siku hizi sikati mkanda kabla hatujabishana.

Sehemu ya majiko niliiruka. Mafuta anayoyasifu usiende kuyaulizia kwenye stesheni zetu, na vyakula vya pakiti ni vya mwenye pesa. Sisi watu wa ziwa tuna omena, yaani dagaa. Ikikaangwa ikakauka vizuri, nyepesi kama karatasi.

Cha pili ni Wild cha Cheryl Strayed, kilichotoka 2012. Mwanamke amefiwa na mama yake, ndoa imevunjika, anaamua kutembea peke yake kwenye njia ya Pacific Crest huko Marekani, mwaka 1995. Begi lake lilikuwa zito hivi kwamba hakuweza kuliinua chumbani alikolala, akalibatiza jina la Zimwi. Mke wangu alikisoma akalia. Mimi nilimcheka, mpaka nilipokumbuka Mlima Elgon. Tuliingia kwa lango la Chorlim, mimi na begi nililojishonea mwenyewe, ndani sufuria mbili, viazi kilo nne na blanketi la nyumbani. Kamba ya kushoto ilikatika kabla ya saa sita mchana. Nilikuwa nimeishona kwa uzi wa pamba. Mimi, fundi! Wenzangu waliingia pango la Kitum kutazama kuta ambazo ndovu huzichimba kutafuta chumvi. Mimi nilibaki nje na sindano ya kuazima. Kisomeni, lakini kama hadithi. Njia ya kupanga safari hamtaipata humo.

Anzeni na cha tatu: No Picnic on Mount Kenya cha Felice Benuzzi. Huyu alikuwa mfungwa wa vita, Muitaliano, kambini Nanyuki. Januari 1943 alitoroka na wenzake wawili, si kurudi kwao bali kuupanda mlima waliokuwa wakiuona kila siku nyuma ya seng'enge. Vyuma vya kuvaa viatuni vya kukanyagia barafu walivifua kutoka vyuma chakavu. Kamba walizipata kwenye katani ya vitanda. Chakula walikidunduliza kutoka mgao wao, na mojawapo ya picha walizotegemea kuujua mlima ilikuwa lebo ya mkebe wa nyama! Batian, kilele kirefu kuliko vyote cha mlima huo, chenye mita 5,199, kiliwashinda. Wawili walifika kilele cha Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao.

Hakuna ukurasa unaokufundisha kununua kitu, na ndiyo sababu nakipenda. Nakala niliyopewa haikuwa na kurasa za mwisho; niliagiza nyingine kutoka Nairobi, nikalipa, ili tu nijue kamanda aliwafanya nini waliporudi kambini wenyewe.

Cha Fletcher nitakuazima ukiniachia begi lako rehani. Cha Benuzzi hakitoki dukani. Benchi lipo, njoo usome nikikushonea.