Mlango wa St Lucia: kuuchimba au kuuacha?
Kwenye ziwa la St Lucia, Afrika Kusini, mawimbi hulundika mchanga mlangoni hadi fungu linaziba njia ya baharini. Ukichimba kwa katapila, kamba na samaki wanapita upesi na mashamba ya miwa yanaepuka mafuriko. Ila maji yakiwa haba hayana nguvu ya kusukuma mchanga. Mawimbi huziba tena.

Ukiuacha, kina hupanda taratibu mpaka maji yenyewe yanapasua fungu na kukokota mchanga na tope. Nguvu hiyo hutoka hasa mto Mfolozi, uliotenganishwa na ziwa mwaka 1952 kwa kuhofia tope. Ukame ulipokuja, sehemu kubwa ya ziwa ilikauka! Kuurudisha mto huo ziwani kulianza 2012. Mimi nachagua kuuacha, mradi Mfolozi usizuiwe tena.