Programu iliyoweka Wiki 10 mbele ya Wiki 2: uzoefu wangu

Kazi yangu ni bei za vitunguu. Kila Jumatatu makarani watatu wa soko la Marikiti hunitumia mauzo ya wiki, nami huyapitisha kwenye programu ya kuandaa data ambayo ofisi yetu hapa Nairobi huilipia kila mwezi. Ni mwezi wa nane sasa tangu nianze kuitumia.

Siku ya kwanza kuonyesha grafu, bosi aliitazama kimya, kisha akaniuliza, "Kijana, hivi ni vitunguu vyetu kweli?" Bei ya neti (mfuko wa wavu wa vitunguu) ilikuwa inarukaruka kama matatu kwenye matuta. Nikaangalia chini ya grafu: Wiki 1, Wiki 10, Wiki 11, hadi 19, ndipo Wiki 2 ikaibuka. Machi imebanwa katikati ya Januari! Programu ilisoma wiki kama maandishi, herufi moja moja, na kwa maandishi 1 hutangulia 2 hata ikifuatwa na nini.

Dawa ya kwanza ni kutoa namba peke yake. Karani mmoja huandika "Wk 9", mwingine "WIKI09", wa tatu huacha nafasi mbili mwishoni. Hapa naisifu programu: kuna amri ya kufuta kila kisicho tarakimu, na hatua zote hukumbukwa, kwa hiyo faili la Jumatatu inayofuata hujisafisha lenyewe nikinywa chai.

Data ilipoingia mwaka wa pili, wiki za 2024 na 2025 zikachanganyika. Nikaunda kolamu ya ufunguo, yaani namba ya kupangia: mwaka mara 100, jumlisha wiki. Wiki ya 9 ya 2025 ikawa 202509, na mpangilio ukatulia. Karibu utulie, kwa sababu mauzo ya tarehe 30 Desemba 2024 yalitoweka mwisho wa mwaka nikayakuta Januari 2024. Kwa ISO 8601, kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, wiki huanza Jumatatu, na wiki ya kwanza ni ile yenye Alhamisi ya kwanza ya mwaka. Tarehe ile basi ni wiki ya 1 ya 2025, lakini mimi nilikuwa nimechukua mwaka wa kalenda, nikapata 202401. Chukua mwaka wa wiki, si wa tarehe. (Karani wetu wa kutoka Mombasa alicheka: Jumatatu ni ya tatu, jina lenyewe linasema, imekuwaje ya kwanza?)

Kinachoniudhi hadi leo ni pale ninapogeuza wiki ziwe vichwa vya kolamu. Ufunguo unapotea, na programu inarudia alfabeti yake bila kuuliza. Msaada wao kwa wateja ulinijibu baada ya siku nne, wakanitumia maelezo ya kupanga safu za mlalo, jambo ambalo sikuuliza. Nilijitafutia mwenyewe: kabla ya kugeuza, naandika wiki kama 2025-W09, sifuri ikiwemo. Hapo alfabeti na kalenda vinakubaliana.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Kwa usafi wa data ni hodari, ila usiiachie kazi ya kupanga wiki. Mwaka 2026 unaanza Alhamisi, kwa hiyo una wiki 53, na fomu ya makarani wetu ilikuwa na visanduku 52. Cha 53 nimekiongeza jana.