Vespa PX 150 ya zamani: nimeifufua bila kuipaka rangi

Nilipokuwa natafuta skuta ya zamani, zilizopakwa rangi mpya nilizipita zote. Rangi mpya juu ya bati kuukuu huficha kutu, puti na mahali palipochomelewa baada ya ajali. Na kwenye Vespa bati ndilo fremu yenyewe. Ndivyo Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, alivyoibuni, na ya kwanza ikatoka kiwanda cha Piaggio, Italia, mwaka 1946. Bati likiliwa na kutu, huna chombo tena.

Nikachukua PX 150 iliyofifia rangi, imejaa mikwaruzo. Kabla ya yote nililala chali chini yake, nikagonga sakafu ya miguu kwa mpini wa bisibisi, kipande kwa kipande, nikisikiliza. Kote mlio ulikuwa mkavu na mgumu, yaani bati halijaoza. Namba ya fremu nayo ililingana na ya kwenye karatasi.

Muuzaji alitaka kupiga kiki palepale nisikie injini. Nilimwomba asiipige. Injini iliyolala miaka imekauka ndani, na kuilazimisha kunaweza kukwaruza pistoni na silinda. Nilifungua plagi, nikadondosha kwenye tundu oili kidogo ya tustroku, ile inayochanganywa na petroli na kuungua nayo, nikaipa muda, kisha nikaisukuma kiki kwa mkono taratibu. Ilizunguka laini. Hapo ndipo nilipolipa.

Tangi lilikuwa na petroli iliyooza, inanuka kama vanishi. Nilimwaga yote, nikasafisha kabureta. Jeti zake, yaani vijitundu vinavyopima petroli, nilizipuliza kwa upepo tu, maana ukichokonoa kwa waya unapanua tundu la shaba na mafuta hayatapimika sawa tena.

Kitu ambacho ningemsihi kila mnunuzi akielewe ni sili za krenki, yaani pete za mpira zinazoziba pande mbili za shafti inayozungushwa na pistoni. Mpira wake hukauka skuta ikikaa bila kutumika. Ikivuja ya upande wa klachi, injini inavuta oili ya gia: utaona moshi mweupe mzito usioisha, na oili ya gia inapungua bila kudondoka chini. Ikivuja ya upande wa magineti ni hatari zaidi, kwa sababu injini inavuta hewa. Mchanganyiko wa mafuta unakuwa mwepesi, hewa nyingi petroli kidogo, injini inakimbia yenyewe hata ukiachia mafuta, joto linapanda, pistoni inaweza kukwama ukiwa barabarani. Hii ya pili nimeibadilisha kabla ya safari ya kwanza. Ukishatoa magineti unaifikia. Ile ya klachi inataka injini ipasuliwe yote, na kwa kuwa yangu haitoi moshi huo, nimeiacha. Kufufua kwa upole kwangu ni hivyo: gusa kinachodai kuguswa.

Tairi za zamani nilitupa hata kama kashata zilikuwepo, kwani mpira ulishapasuka pembeni. Rimu za Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa kwa nati, kwa hiyo toa upepo wote kwanza, ndipo ushike spana.

Rangi niliiosha kwa sabuni, nikaipaka nta. Basi.

Barabarani inanifurahisha kuliko nilivyotarajia. Gia nne zinabadilishwa kwa mkono wa kushoto: unabana klachi, unazungusha mshikio mzima, na unaisikia gia ikiingia. Injini inavuta vizuri kutoka chini. Breki za ngoma ni dhaifu, hasa ya mbele. Lazima uache nafasi kubwa kuliko uliyozoea. Yangu haina pampu ya oili, kwa hiyo nachanganya mwenyewe mililita 20 za oili ya tustroku kwa kila lita ya petroli.

Kwa anayependa kushika spana, naipendekeza kwa moyo wote. Anayetaka kuwasha na kwenda kila asubuhi bila kuwaza, achukue skuta mpya.