Kliniki ya watoto wasiotulia darasani, Mbeya mjini: naipa nyota nne

Kilichonifanya niiamini kliniki hii ni kwamba hudhurio la kwanza mtoto wangu hakuandikiwa dawa. Alipimwa macho, masikio na wingi wa damu. Wakauliza kama anakoroma, na kama huduwaa sekunde chache kisha akaendelea kana kwamba hakuna kitu. Kuduwaa huko kunaweza kuwa kifafa, ingawa shuleni huitwa uzembe.

Kisha zikaja fomu za Vanderbilt, za kupimia ADHD (tatizo la kukosa umakini na utukutu uliopitiliza), maswali 55 ya mzazi na 43 ya mwalimu. Kila dalili hupewa 0 (haipo kabisa) hadi 3 (mara nyingi sana), na zinazohesabika ni zenye 2 au 3. Ili ionekane ni ADHD, zinatakiwa angalau 6 kati ya 9 za kukosa umakini, au 6 kati ya 9 za utukutu, zionekane nyumbani na shuleni kwa miezi 6 au zaidi, ziwe zilianza kabla ya miaka 12. Hapa ndipo mambo huharibikia. Darasa likifurika, mwalimu humjua mtoto kwa kelele zake tu, anazungushia 3 ukurasa mzima na kukurudishia. (Binti mkimya anayechungulia dirishani, yeye hupewa 0 zote.) Fomu mpelekee mwalimu anayesahihisha daftari la mtoto, hata kama si wa darasa. Fomu yenye namba ileile juu hadi chini, mrudishie mwalimu aijaze upya.

Dawa, kwenye boksi imeandikwa methylphenidate, huanzwa kidogo: miligramu 5 asubuhi na 5 mchana, ikipandishwa wiki kwa wiki. Kabla ya hapo waliuliza magonjwa ya moyo kwenye ukoo. Kidonge hudumu saa 3 hadi 4, kwa hiyo cha saa 1 asubuhi kufika saa 5 kimekwisha. Tafuta mwalimu wa kukitunza na kumpa cha mchana. Kikimezwa jioni, usingizi hauji. Hamu ya kula nayo hupotea mchana, basi ashibe kwanza: uji wa maziwa, viazi, parachichi.

Mafunzo ya mzazi ni mazuri, ila mafupi mno. Agizo moja kwa wakati: "Vaa viatu." Akishavaa, ndipo begi.

Nyota niliyoinyima ni ya ufuatiliaji. Uzito, urefu, presha na mapigo ya moyo hupimwa kila hudhurio, lakini foleni ikiwa ndefu vipimo hivyo hurukwa. Dai mzani mwenyewe. Na kwa kuwa dawa hii inadhibitiwa, anayetoka Tukuyu au Chunya aulize duka la dawa kwa simu kabla ya kupanda gari, na abebe cheti halisi cha daktari.